Kuonja kahawa nyumbani na marafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuwakalisha marafiki wachache sebuleni au uani, awawekee kahawa za sehemu mbalimbali, waonje, walinganishe na wabishane kidogo. Hauhitaji mashine ya bei kubwa wala cheti.

Kuonja kuna tofauti gani na kunywa kahawa tu?

Tofauti ni kwamba vikombe vinakaa pamoja. Ukinywa kahawa ya Mbinga leo na ya Nyeri wiki ijayo, utakumbuka tu kwamba zote zilikuwa nzuri, maana ulimi hauna kumbukumbu ndefu. Ziweke bega kwa bega, maji yale yale, kipimo kile kile, muda ule ule, na hata yule anayeapa kwamba kahawa zote ni mamoja ataanza kusema hii chachu, ile nzito, hii imenikauka mdomoni. Karibu kila shauri lililo hapa chini linalinda ulinganisho huo. Ukilazimika kuacha mambo mengine yote, usiuache huu.

Lazima mwenyeji awe mtaalamu?

Hapana. Waonjaji wanaopima kahawa kabla ya mnada pale Moshi au Nairobi wana kazi ya kukamata kasoro na kupanga madaraja. Ninyi kazi yenu ni kujua mnachokipenda na kwa nini.

Niwaalike wangapi, na niweke kahawa ngapi?

Watu wanne hadi sita, kahawa tatu au nne. Ukiwa na wageni wanane, nusu watakuwa wanapiga soga huku vikombe vinapoa. Ukiweka kahawa saba, kuanzia ya tano hakuna anayesikia kitu, na watu watabaki kukubaliana na aliyesema kwanza. Mwenyeji mgeni wa mambo haya huona kahawa nne ni chache na zitamwaibisha. Hazitamwaibisha.

Mada maana yake nini, na nichague ipi?

Mada ni swali moja ambalo vikombe vyote vinalijibu. Bila swali, mtakuwa na meza iliyojaa vikombe tu. Hizi ndizo ninazozipendekeza, na si kwamba zote zina uzito sawa.

Ya kwanza, na bora kwa wanaoanza, ni ya milima: kahawa za arabika, aina ya mbuni wa nyanda za juu, kutoka sehemu tofauti, zote zilizooshwa (yaani zilizomenywa tunda na kuoshwa kabla ya kukaushwa), zote zilizokaangwa kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa Tanzania weka ya Kilimanjaro au Karatu, ya Mbinga kule Ruvuma, na ya Mbozi upande wa Songwe. Kisha ongeza moja kutoka Nyeri au Kirinyaga ng'ambo ya mpaka. Ile ya Kenya mara nyingi itajitenga yenyewe mezani kwa uchachu wake mkali wenye utamu wa zambarau. Hapo Wakenya waliopo wataanza kutamba. Waache watambe, halafu waambie kwamba SL28, aina ya mbuni iliyoijengea kahawa ya Kenya jina, ilichaguliwa mwaka 1935 katika Scott Laboratories, kituo cha utafiti wa kilimo cha Kenya, kutokana na mibuni iliyostahimili ukame iliyoonekana Monduli, Tanganyika. Ubishi huo unaweza kuwafikisha usiku.

Ya pili ni arabika dhidi ya robusta. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni nzito, chungu, na ina ladha ya nafaka iliyokaangwa. Watu waliosoma vitabu vya kahawa vya Ulaya huidharau. Si haki. Robusta ni mwenyeji wa ukanda huu wa Ziwa Victoria, na Wahaya walikuwa wakichemsha matunda yake pamoja na majani yenye harufu, wakayakausha na kumpa mgeni atafune, muda mrefu kabla mtu yeyote hajafungua mgahawa Bukoba. Ukipata rafiki anayetoka huko akuletee hizo za kutafuna, zipitishe mezani kabla ya vikombe. Kwenye mada hii unaweza pia kuweka glasi moja ya kahawa ya kuyeyuka ya Africafe, inayotengenezwa hapo hapo Bukoba, bila kumwambia mtu. Usishangae ikipata kura.

Ya tatu ni namna ya kuchakata: shamba moja au wilaya moja, lakini kahawa moja imemenywa ikaoshwa na nyingine imekaushwa ikiwa ndani ya tunda lake. Iliyooshwa huwa safi na yenye uchachu unaosikika wazi. Ile iliyokaushwa na tunda huja na utamu wa matunda yaliyoiva kupita kiasi, wengine husema kama pombe ya ndizi. Mada hii ni tamu sana ila kuipata jozi yenyewe ni kazi. Ethiopia ndiko inakopatikana kwa urahisi.

Ya nne ni kiwango cha kukaanga: buni ile ile, imekaangwa kidogo, wastani na sana. Hii inawafungua macho wanaodhani kahawa nyeusi tii ndiyo "kali". Kadiri inavyokaangwa zaidi, ndivyo unavyoonja moto na kuipoteza ile ladha ya shamba.

Ya tano ni ya barazani, yenye viungo. Hiyo ina swali lake hapo chini.

Dukani niangalie nini kwenye pakiti?

Tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya kuisha muda haikuambii kitu, kwa kuwa kahawa inaweza kuwa haijaisha muda na harufu yake imekwisha kitambo. Nunua punje nzima ukiweza, iliyokaangwa kati ya siku chache na mwezi mmoja uliopita. Ikiwa imetoka kwenye moto jana, ipumzishe kidogo, kwa kuwa gesi bado inatoka na ladha haijatulia.

AA, AB na herufi nyingine unazoziona ni ukubwa wa punje. AA ni punje kubwa. Mara nyingi huenda sambamba na bei, lakini ukubwa si ladha, na kuna AB zinazoziacha AA mbali. PB ni punje ya duara, ile inayotokea tunda linapozaa mbegu moja badala ya mbili. Wamarekani wanaipenda sana PB ya Tanzania na kuilipia zaidi. Kama ni tamu zaidi, hilo nalo ni swali zuri la kuweka mezani: PB na AA za shamba moja, majina yamefichwa.

Kama pakiti imeandikwa tu "kahawa safi ya Afrika", iache rafuni.

Vifaa gani vya lazima?

Glasi au vikombe vinavyofanana, vya mililita 200 hivi, viwili kwa kila kahawa. Birika la maji ya moto. Mizani ndogo ya jikoni. Kijiko cha supu kwa kila glasi, na kikombe kidogo cha kahawa, cha aina ile ya barazani, kwa kila mgeni. Kopo la kutemea. Maji ya kunywa ya kusafishia mdomo. Karatasi na kalamu.

Mashine ya kusagia ukiwa nayo ni heri. Kama huna, kinu na mchi vinafaa mradi usage kahawa zote kwa ukubwa mmoja, chenga chenga kidogo, zisiwe unga. Kile cha kusagia viungo vya pilau usikiguse. Bizari ya nyembamba haitoki.

Nipe hatua zenyewe. Vipimo ni vipi?

Kipimo wanachotumia waonjaji wa kazi ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji. Kwa glasi ya mililita 200 hiyo ni gramu 11, yaani kama vijiko viwili vya chakula vya kahawa ya kusaga vilivyofutwa juu, kama mizani imekosekana. Kahawa nne kwa glasi mbili mbili zinakula gramu 88 na maji lita moja na nusu na ushei. Kwa hiyo pakiti ya gramu 250 ya kila aina inatosha na kubaki.

Saga kila kahawa moja kwa moja kwenye glasi yake. Kabla ya maji, wapitishe wageni wanuse ile kavu. Wengi hupuuza hatua hii, na ndiyo yenye harufu nyingi kuliko zote.

Mimina maji ya moto, karibu nyuzi 93, hadi juu, uhakikishe kahawa yote imelowa. Anza kuhesabu muda. Usikoroge. Kahawa itapanda juu na kufanya ukoko. Dakika ya nne ikifika, kila mgeni apewe glasi yake avunje ukoko: anasogeza pua karibu kabisa na glasi, anausukuma kwa mgongo wa kijiko mara tatu, na anavuta harufu inayofumka. Suuza kijiko kwenye maji ya moto kabla ya kwenda glasi nyingine. Povu na chembe zilizobaki juu ziondoe kwa vijiko viwili, na nyingine zitazama zenyewe.

Halafu subirini. Hapa ndipo watu wanapoungua ulimi na kuharibu jioni yote. Anzeni kuonja dakika ya kumi au kumi na mbili. Kila mtu achote kwa kijiko cha glasi, amimine kwenye kikombe chake, na aonje kutoka hapo. Waonjaji wa kazi huchovya vijiko vyao wenyewe kwenye glasi zote, lakini kwa wageni wa nyumbani, na mafua yetu haya, hiyo si adabu.

Zungukeni tena baada ya dakika kumi, na tena zikiwa vuguvugu. Kahawa nzuri huzidi kuwa tamu inavyopoa. Mbovu hujificha nyuma ya joto, ikipoa haina pa kujificha.

Kwa nini waonjaji wanavuta kahawa kwa kelele? Ni lazima?

Ukivuta kwa nguvu, kahawa inatawanyika mdomoni kote na harufu inapanda puani kwa nyuma. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ni harufu, ndiyo maana mtu mwenye mafua huona chakula hakina chochote. Bibi zetu walitufinya tukinywa chai kwa sauti, kwa hiyo watu wazima wataona haya. Mwenyeji aanze yeye, kwa kelele kubwa kuliko inavyohitajika. Wataangua kicheko, kisha wataiga.

Maji ya bomba yanafaa?

Inategemea bomba. Maji ya kisima ya sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi, na yataua kahawa ya bei yoyote. Tumia ya chupa au ya kuchujwa, aina moja kwa vikombe vyote. Maji yaliyonuka dawa ya kutibia nayo yaache.

Kuhusu joto: ukiwa pwani, maji yakichemka yaache kama dakika moja kabla ya kumimina. Ukiwa Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo mimina mara moja bila kusubiri.

Nimeambiwa niwakataze wageni manukato. Kweli?

Waombe kwa upole siku moja kabla. Marashi, mafuta ya mwarabu, na hasa udi uliofukizwa mchana huo sebuleni, vinashinda harufu yoyote ya kahawa. Najua kwa nyumba nyingi za pwani kumpokea mgeni bila udi ni kama kumpokea bila salamu. Basi fukiza baada ya kuonja, wakati wa halua. Kukaanga samaki na vitunguu nako kuahirishwe.

Wageni wangu husema "tamu" au "mbaya" basi. Nifanyeje wapate la kusema?

Usiwape orodha ya ladha iliyochapwa Ulaya yenye matunda ambayo hawajawahi kuyatia mdomoni. Panga visahani vidogo katikati ya meza: kipande cha ndimu, ukwaju, ubuyu, zambarau kama ni msimu, zabibu kavu, tende, sukari guru, karanga za kukaanga, korosho, hiliki, karafuu, majani makavu ya chai, ua la yasmini. Mtu akikwama, anuse kisahani, arudi kwenye kikombe. "Uchachu huu ni wa ndimu au wa ukwaju?" ni swali ambalo kila mtu ana jibu lake, na la ndimu na la ukwaju ni tofauti kweli. Yirgacheffe ya Ethiopia iliyooshwa itawapeleka kwenye yasmini na ndimu. Robusta ya Kagera kwenye karanga na kakao. Kahawa iliyokaa ghalani muda mrefu itawapeleka kwenye gunia, na hakuna haja ya kuwa na gunia mezani, wataitambua.

Wakishapata ladha, waulize mambo matatu tu: uchachu ukoje, uzito ukoje mdomoni, na baada ya kumeza kinabaki nini. Inatosha.

Jambo moja nalisisitiza: mzunguko wa kwanza ni wa kimya, kila mtu anaandika. Katika kila kundi yupo mmoja mwenye sauti na uhakika, na akisema "hii ina chokoleti", wote wataipata chokoleti. Andikeni kwanza, ndipo msome kwa zamu, na yule mwenye sauti asome wa mwisho.

Nifiche majina ya kahawa?

Ndiyo, daima. Bandika herufi au namba chini ya glasi. Mtu akijua ipi imetoka kijijini kwao, mchezo umekwisha.

Kwa wanaopenda mashindano kuna mchezo wa glasi tatu. Mbili zina kahawa ile ile, moja tofauti, na mtu aitafute ile ya pekee. Kwenye mashindano ya dunia ya waonjaji, mshiriki hupewa seti nane za namna hiyo na dakika nane. Nyumbani seti tatu zinatosha kumshusha mtu mabega.

Kura napendelea zipigwe kwa punje. Kila mgeni apewe punje tatu za kahawa, azitumbukize kwenye kikombe kitupu kilicho mbele ya kahawa aliyoipenda, zote pamoja au akizigawa. Mkimaliza kuhesabu, fichua majina.

Glasi moja inanuka kiazi kibichi kilichomenywa, mwenzake haina shida. Nini kimetokea?

Hongera, mmekutana na kasoro maarufu ya kahawa za Rwanda, Burundi na Kivu. Inahusishwa na mdudu anayetoboa tunda la kahawa likiwa mtini, na punje moja tu inaweza kuharibu glasi nzima. Haina madhara kwa afya. Mwaga glasi hiyo, safisha mashine ya kusagia kwa kusaga punje chache za kahawa nyingine, endeleeni na glasi ya pili. Hii ndiyo sababu ya kuandaa glasi mbili kwa kila kahawa. Wala usiziogope kahawa za huko, zikiwa safi ni miongoni mwa zile zenye utamu wa kuvutia kuliko zote za ukanda huu.

Sukari na maziwa?

Mzunguko wa mwisho. Mtu aliyezoea kahawa ya maziwa tangu utoto hatoki kwa jirani akiwa amebadilika dini. Akishaonja kavu mara mbili, mpe maziwa aone ipi inayasimamia. Kwa kawaida nzito na iliyokaangwa zaidi ndiyo inayosikika bado, zile laini zinapotea.

Baba mkwe anasema kahawa bila tangawizi si kahawa. Nimwalike?

Mwalike, na umpe jioni yake. Mada ya viungo ina historia ndefu kuliko vikombe vyetu vya gramu 11, nami naipenda kuliko zote.

Andaa kahawa moja tu, ya kawaida, iliyokaangwa sana na kusagwa laini, uichemshe kwa namna tatu au nne. Ya kwanza kavu, kama ile wanayouza wachuuzi wa pwani kutoka kwenye dele, birika la kahawa, juu ya makaa, wakigonganisha vikombe ili ujue wanapita. Ya pili na tangawizi kavu iliyopondwa, ambayo ndiyo kahawa chungu ya wengi Mombasa na Lamu. Ya tatu na hiliki, pengine na mdalasini na chembe ya karafuu. Ya nne ifuate Omani: buni iliyokaangwa kidogo tu, hiliki nyingi, na nyuzi za zafarani ukizipata, rangi yake ikielekea manjano kuliko nyeusi. Waliolelewa Maskati wataichekea ile ya kwanza, waliolelewa Kariakoo wataichekea ya nne.

Viungo viwekwe mwishoni, moto ukiwa mdogo, na kipimo kiwe sawa kwa kila birika. Kijiko kimoja cha chai cha tangawizi ya unga kwa lita moja ni mwanzo mzuri. Hiliki ipondwe papo hapo. Ile ya unga iliyokaa kabatini haifai hata kwa maandazi.

Miminia vikombe vidogo visivyo na mkono, nusu, na uendelee kuongeza. Kwa desturi ya Oman, mgeni aliyetosheka hutikisa kikombe kidogo anapokirudisha, asipotikisa unamwongezea. Waeleze wageni mapema, vinginevyo kuna atakayekunywa hadi alfajiri kwa heshima. Ukitaka kuongeza wageni wa Kihabeshi kwenye mada hii, wao wana mizunguko mitatu ya kahawa ile ile, abol, tona na baraka, kila mmoja hafifu kuliko uliotangulia. Kuonja mizunguko hiyo kwa mfululizo ni mada inayojitegemea.

Vitafunwa gani, na lini?

Baada ya mzunguko wa pili, si kabla. Kitu kitamu kikitangulia, kila kahawa itakayofuata itaonekana chungu.

Kisha onjeni kwa jozi, kipande kidogo, funda dogo. Tende na kahawa ya hiliki hazihitaji kutetewa. Kashata ya karanga inakwenda na iliyokaangwa sana, kashata ya nazi inapendeza na ya Mbinga iliyo laini. Halua ya Zanzibar inataka kitu kikali cha kuikata, na hapo robusta inapata siku yake. Chokoleti nyeusi ya kakao ya Kyela au Kilombero ni jozi nzuri ya arabika ya kusini. Uchachu wa Nyeri ni mgumu kuutafutia jozi, na nimeuona ukiwa na raha zaidi na embe bivu kuliko na keki yoyote. Mahamri na vitumbua viwepo kwa ajili ya njaa tu.

Hatutalala?

Mtu akizungukia kahawa nne mara tatu kwa funda la kijiko, anameza chini ya kikombe kimoja kwa jumla. Tatizo ni wale wanaomalizia glasi. Fanyeni saa kumi jioni badala ya saa tatu usiku, kwa kuwa nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano hivi baadaye. Kutema kwenye kopo si utovu wa adabu, ndiyo kazi ya kopo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka kikomo cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima na 200 kwa mjamzito. Shemeji mwenye mimba aonje kwa kunusa na kutema, na kama daktari amemwambia aache, aache.

Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, saa za usiku hazina ubishi. Watu watakuwa macho hadi daku kwa vyovyote vile.

Naweza kukaanga mwenyewe?

Unaweza, na inageuka nusu ya burudani. Nunua buni, yaani kahawa mbichi, ukipata kwa mkulima au chama cha ushirika. Itie kiasi cha viganja viwili kwenye kikaango kizito, fanyia uani kwa sababu ya moshi, koroga bila kuacha. Itageuka manjano, kisha kahawia, na karibu na dakika ya nane au kumi itaanza kupasukapasuka kwa sauti. Ukiitoa mlio huo unapoisha umepata ya kukaangwa kidogo. Ukiendelea dakika mbili tatu umepata ya wastani, na ikianza kung'aa mafuta umefika kwenye nyeusi. Mimina kwenye ungo, pepeta makapi yaondoke na ipoe haraka. Kilo moja ya buni hukupa takriban gramu 850. Haitakaangika sawasawa kama ya mtambo, lakini kwa mada ya viwango vya kukaanga hakuna njia rahisi zaidi.

Nipo ughaibuni. Kahawa za kwetu nitazipata?

Mara nyingi kwa urahisi kuliko aliyeko nyumbani, kwa kuwa kahawa yetu nyingi husafirishwa nje. Marekani tafuta PB ya Tanzania, na Ulaya wakaangaji wadogo wengi huweka Kenya AA au AB, Rwanda, Burundi na Bugisu ya Mlima Elgon kutoka Uganda, hasa miezi ya baada ya mavuno kufika. Tatizo lenu litakuwa tangawizi nzuri na kashata.

Kundi letu halinywi kahawa. Njia hii inafaa kitu kingine?

Inafaa. Chai ndiyo iliyo karibu zaidi: gramu 2 za majani kwa mililita 100, dakika sita, ndicho kipimo cha kimataifa cha waonjaji, na itatoka kali, kusudi. Weka ya Kericho, ya Mufindi na ya Usambara. Asali nayo ni nzuri sana: ya miombo ya Tabora, ya Kitui, na ile nyembamba yenye uchachu ya nyuki wadogo wasiouma, kwa vijiko vya mbao na maji vuguvugu. Msimu wa maembe ukifika, dodo, boribo na ngowe vikatwe vipande sawa, watu wafunge macho. Hiyo ya maembe usifanyie sebuleni.

Kahawa iliyobaki kwenye glasi?

Ichuje, itie barafu, sukari na ndimu, wape waliochelewa. Punje zilizobaki zifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, kabatini, si kwenye friji pamoja na samaki. Machicha mwagia kwenye mboji.